Mchanga Uliobaki

Wazee walikuwa watatu, na wote walikuwa na sharubu. Mjukuu wangu ndiye aliyewapa jina hilo. Alisema ukiwatazama pale chini ya tangi, vichwa pamoja, wakitikisa sharubu, utadhani wanasuluhisha kesi ya mtu na mkewe. Walikuwa kambale wadogo wa mapambo, hakuna aliyezidi kidole changu cha gumba, na tangi lao la kioo lilikaa juu ya kabati sebuleni kwa binti yangu, pembeni ya cherehani. Mjukuu mwenyewe tulimwita Mdadisi, maana tangu ulimi wake ulipofunguka hakuacha kuuliza. Alikuwa akikuuliza mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi.

"Kitendawili!" Alinipokea hivyo mlangoni kila nilipokuja, kabla sijavua viatu.

"Tega!"

"Baba ana ndevu, mama ana ndevu, hata mtoto ana ndevu."

"Si kambale huyo! Hicho nilikutegea mimi mwenyewe."

"Haya bibi, nipe mji."

"Nikupe mji kwa lipi, na jibu nimelipata mimi?"

"Nipe tu. Wewe umeishi sana, miji unayo mingi."

Nilicheka mpaka nikashika mlango.

Homa ilimpata akiwa darasa la sita, ikaenda naye upesi kuliko akili zetu zilivyoweza kuifuata. Hayo nayaacha hapo.

Nilikuja msibani na begi la nguo mbili tatu, nikabaki. Watu walipoondoka na viti vya kukodi vikarudishwa, nyumba ilikuwa yetu sisi wawili, maana mkwe wangu ni dereva wa lori, na mzigo haumngoji mtu amalize kulia. Binti yangu hakulia. Laiti angelia. Alilala ameupa ukuta uso, na nguo za wateja zikakaa kwenye mifuko zikisubiri pindo. Baadhi ya majirani waliendelea kumwita Mama Mdadisi. Wengine waliliacha jina ghafla, wakawa wanamwita "dada". Sijui lipi lilimuuma zaidi, kwa sababu yote aliyapokea kwa uso uleule, kama jiwe linavyopokea mvua.

Kitu kimoja tu kilimtoa kitandani kila siku. Asubuhi, jua likishaingia sebuleni, alijifunga kanga akaja pekupeku mpaka kwenye tangi, akafungua kikopo cha chakula, akanyunyiza kidogo, akasimama pale mpaka Wazee washibe. Nami nilikuwa mwizi wa nafasi hiyo. Nilimwekea chai na mkate palepale juu ya kabati, karibu na mkono wake. Siku nyingine alipiga funda moja. Siku nyingine alimega mkate. Kisha alirudi kwenye ukuta wake. Nikasema moyoni, haya, mtu anayeamka kulisha samaki bado yupo.

Mkwe wangu hakuliona hivyo. Aliporudi safari moja alinifuata jikoni.

"Mama, lile tangi nataka nimpe mtu."

"Kwa nini, baba?"

"Kila akilitazama anafiwa upya. Mimi mwenyewe nikipita pale nageuza shingo."

"Wewe unapita. Yeye anasimama. Ukiliondoa, kesho ataamkia nini?"

Akakuna kichwa. Ana mikono mikubwa ya usukani, mkwe wangu, na siku zile hakujua pa kuiweka.

"Ataamka kwa ajili yangu," alisema.

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akacheka kicheko kibaya, akatoka kwenda kutazama matairi. Tangi likabaki.

Alikuwa ameshaondoka tena siku ile binti yangu aliponiita. Aliniita! Nilikuwa nasugua sufuria, nikaiacha ikabingirika sakafuni.

"Mama, njoo uone. Sharubu za huyu ziko wapi?"

Nikavaa miwani. Mzee mmoja alikuwa amebaki na vishina, kama mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi. Wa pili, za upande mmoja zilikuwa zimekatika. Mdomo wa wa tatu ulikuwa mwekundu.

"Watakufa," alisema.

"Hawafi."

"Watakufa, mama. Na hawa nao."

Alikuwa anatetemeka. Niliogopa, lakini nilifurahi pia, maana ganzi haitetemeki.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunakwenda kwa Daktari."

Daktari hakuwa daktari wa mtu. Alikuwa muuza samaki wa mapambo, mwanamume wa makamo mwenye duka jembamba kama ujia, kuta zote vioo, na mashine za hewa zinanguruma mchana kutwa. Alimjua Mdadisi vizuri. Tulipoingia alichungulia nyuma yetu.

"Karibu bibi, karibu dada. Na yule mteja wangu wa maswali yuko wapi leo? Mwambie nimepata jibu la kwa nini samaki hafumbi macho."

Binti yangu akalitazama tangi lililokuwa mbele yake. Ilibidi niseme mimi.

"Hatunaye tena, baba."

Yule bwana aliifuta mikono yake kwenye suruali, akaifuta tena, na ilikuwa mikavu tangu mwanzo. Hakusema pole. Alivuta kiti, akamkalisha binti yangu, akamuuliza kwa sauti ndogo Wazee wana nini. Namshukuru mpaka leo kwa kile kiti.

Akauliza chini ya tangi kuna nini. Tukamwambia, changarawe za bluu, zilikuja na tangi.

"Basi ndizo hizo. Bibi, hawa hula kwa kuchimba. Huingiza mdomo chini kama kuku jalalani. Chukua mdomo wako ufagie kokoto mwaka mzima, uone utabaki na nini."

"Usinitishe. Mdomo ndiyo silaha pekee niliyobaki nayo."

Akatabasamu kidogo. "Watoleeni kokoto, muwawekee mchanga. Sharubu zitaota tena. Lakini si kila mchanga ni mchanga. Wa ufukweni una magamba ya konokono na chaza, chokaa tupu, utaharibu maji. Ule wa mashine ya kusaga mawe una makali, mtakuwa mmeruka majivu mkakanyaga moto. Wa mto ndio mzuri, umesuguliwa na maji, punje zake laini. Weka kijiko kimoja kwenye bakuli, mimina siki. Ukitoa povu, kimbia. Ukinyamaza, chukua."

"Halafu?"

"Uoshe mpaka maji yatoke kama ya kunywa. Uutandaze, usizidi vidole viwili kwenda juu." Akavilaza vidole vyake ubavuni mwa kioo tuone. "Na kila wiki pitisha kijiti, uchokoe. Hapo msisahau. Mchanga haupumui wenyewe. Ukilundikwa ukaachwa, chini unaoza, unakuwa mweusi, na hewa yake ni sumu." Akavuta mfuko toka chini ya meza. "Ninao hapa, tayari umeoshwa. Chukueni tu, ni wa yule rafiki yangu."

Binti yangu akasimama.

"Asante kaka. Mchanga tunao nyumbani."

Nilielewa palepale. Mchanga tuliokuwa nao nyumbani ulikuwa mmoja tu. Fundi mwashi aliyelisakafia kaburi la Mdadisi aliagiza mchanga wa mto, na kwa kuwa gari halikuweza kufika kule makaburini, ulimwagwa nyuma ya jiko letu, akawa anaupeleka kwa toroli. Alikadiria vibaya. Rundo dogo likabaki, limefunikwa bati. Jirani mmoja aliuomba azibie shimo mlangoni kwake. Binti yangu, ambaye siku zile hakuwa akiongea na mtu, alitoka kitandani, akakaa juu ya lile bati mpaka jirani akaondoka.

Njiani nilijaribu. "Mwanangu, ule wa dukani ni mweupe, ungependeza."

"Ule wa nyumbani ni wa mto," alijibu. "Si amesema wa mto?"

Nikamwacha. Alikuwa anatembea. Alikuwa anajibu.

Tuliutia siki kwenye bakuli, tukainama wote wawili kusikiliza kama watu wanaosikiliza redio mbovu. Ukanyamaza. Hata kipovu kimoja hakikutoka. Binti yangu akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona macho yake yanatafuta ya kwangu.

Tukatoa mabeseni, tukaanza kuuosha wote, kuchekecha, kumwaga, kujaza tena, kama mchele wa wageni wengi. Mgongo ulinilia lakini sikuusikiliza. Akaniomba chai. Akaomba! Akanywa kikombe kizima, amechuchumaa, mikono inachuruzika. Nikaona niongeze ukuni motoni.

"Kitendawili!"

Akajibu polepole, "Tega."

"Namwogesha mtoto tangu asubuhi, na maji bado yanatoka machafu."

Neno lilikuwa limeshatoka. Mikono yake ikasimama ndani ya beseni. Nilisikia bomba likidondosha tone, na tone.

"Mchanga," alijibu.

Akaendelea kuosha. Lakini sasa hakuwa akichekecha. Aliuteka kwa viganja, akauachia utiririke, akaupitishia maji juu, kiganja kwa kiganja.

Tuliwaweka Wazee kwenye ndoo na maji yao ya zamani, tukatoa zile changarawe za bluu, tukaanza kuuweka mchanga. Ulipofika vidole viwili nilisema, "Hapo hapo. Umetosha."

Mabeseni mawili yalikuwa bado yamejaa.

"Mimina, mama."

"Mwanangu, alisema vidole viwili."

"Nilimsikia."

"Sasa?"

"Sasa huu uliobaki niutupe wapi?" Aligeuka akanikazia macho, na hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. "Niambie. Niutupe wapi, mama? Barabarani? Nimpe yule azibie shimo lake, watu wakanyage?"

Mimi niliyelea, niliyezika, niliyesuluhisha ndugu kwa ndugu, nikamimina.

Uliingia wote. Ulipita vidole viwili, ukapita kiganja, na hakuusawazisha. Aliusogeza upande mmoja, akaupiga piga kwa kiganja mpaka ukakaa tuta refu, jembamba. Hatukuambiana linafanana na nini.

Niseme ukweli, siku zilizofuata zilikuwa njema. Wazee waliingia kwenye ule mchanga kama watoto kwenye matope, wakauchimba na kuupuliza nje kupitia matamvua yao ya kupumulia. Vishina vikaanza kuota. Binti yangu alivuta kiti akakaa mbele ya kioo, na kwa kuwa cherehani ilikuwa pale pembeni, siku moja akachukua sketi ya mteja akaishona pindo. Mkwe alipopiga simu nilimpa binti yangu simu, akasema, "Tunaendelea vizuri." Tunaendelea! Nilikwenda jikoni nikacheza peke yangu, bibi mzima, na mwiko mkononi.

Sikuuliza hao "sisi" ni akina nani.

Wiki ya kuchokoa ilipofika nilichukua mpini wa kijiko cha mbao, nikaupeleka kwenye lile tuta. Hata sikugusa. Alinidaka mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Mwache alale, mama."

"Nani, mwanangu?"

Aliuachia mkono wangu, akalainisha kanga yake magotini, akaendelea kushona.

Toka hapo sikuthubutu. Nikawa nauona weusi unaanza chini, ubavuni mwa kioo, kwanza kama uzi, halafu kama pindo, halafu kama sketi nzima. Ukikaa karibu unasikia harufu ya yai viza. Vipovu vilipanda kimoja kimoja toka kwenye tuta. Yeye aliviona, akatabasamu. "Anapumua," aliniambia kwa sauti ya mtu anayekuonyesha mtoto aliyelala.

Nikamkimbilia Daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Msiuchokoe tena sasa, bibi, mtaiachia sumu yote kwa mpigo. Watoeni samaki kwanza. Wakishatoka, utoeni mchanga wote. Na fanyeni leo."

Niliporudi, Mzee mmoja alikuwa ubavu juu. Binti yangu alikuwa ameshamshika. Nilidhani atamtoa. Alimshusha mpaka kwenye tuta, akachimba kishimo kwa kidole, akamlaza, akamfukia, akapiga piga kwa kiganja.

"Sasa ana mwenzake," alisema.

Nilipiga magoti mbele yake, mimi mama yake. "Mwanangu, nakuomba. Daktari amesema tuwatoe hawa wawili. Tuutoe na huo mchanga, umeoza. Tutauweka mahali pazuri, nitaupeleka mwenyewe kulekule makaburini, punje kwa punje kama ukitaka. Lakini hawa Wazee watakufa. Ni Wazee wa mtoto wako."

"Ulishawahi kumtoa mtu mahali alipolala, mama?"

"Huu ni mchanga."

"Na kule ni nini?"

Wa pili alikufa kesho yake. Naye akafukiwa palepale.

Mkwe aliwasili mchana huo. Alisimama mlangoni na begi lake, akanusa, akanitazama. Nilimwambia yote jikoni, na safari hii hakucheka. Tukakubaliana. Alikwenda akakaa chini karibu na mkewe, akamshika mikono yote miwili, akawa anamsimulia safari, mvua, daraja lililokatika, utingo wake anayeogopa vyura. Alikuwa anaongea na machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Nami nyuma yao nikaingiza chujio la chai kwenye tangi, nikamkuta yule wa mwisho amejibanza juu kabisa, anahema, nikamteka, nikamtia kwenye beseni la maji safi nililokuwa nimeliandaa, nikamwekea na mashine ya hewa.

Binti yangu alikuwa ameniona. Nilikuwa nimejikaza kusubiri kelele. Nilikuwa tayari kupigwa. Aligeuza tu uso kwenye tuta.

Na huyo Mzee akapona! Beseni liko chumbani kwangu, karibu na kichwa cha kitanda, nimemtandazia mchanga mweupe wa dukani, vidole viwili, na sharubu zake zimerudi zote. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango wangu wazi, nikaweka kikopo cha chakula mahali pa kuonekana, nikaandaa chai na mkate, nikasubiri. Jua likaingia sebuleni. Nikasikia mlango wake, nikasikia nyayo zake pekupeku. Zilipita mlangoni kwangu. Sikusikia zikipunguza mwendo.

"Mwanangu," nikaita, "njoo umlishe Mzee. Ana njaa."

"Mlishe wewe, mama," alinijibu toka sebuleni, kwa upole kabisa.

Alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake mbele ya kioo, mbele ya maji yasiyo na kitu. Hashoni. Haguni. Hula nikimlisha, hulala kitini kama tusipombeba. Mkwe wangu alikaa nyumbani mpaka mwenye lori akampa mtu mwingine usukani. Sasa anashinda nje kwenye ngazi, mikono imening'inia katikati ya magoti, na akinisikia napita ananiuliza, "Mama, tufanye nini?" Mimi niliyemwambia tangi ndilo linalomwamsha mkewe. Namwambia sijui, baba. Nimefikiri nikafika mwisho wa akili yangu, na pale hakuna kitu.

Maji ya tangi yanapungua kwa joto, na hakuna anayeongeza. Wiki hii kilele cha tuta kilichomoza juu ya maji, kikaanza kukauka, kikawa cheupe. Leo nilishindwa kuvumilia. Nikajaza jagi, nikaenda nikasimama kando yake, nikaliinua.

Akaweka kiganja juu ya mdomo wa tangi.

"Hapana, mama," alisema. "Amelowa vya kutosha. Mwache akauke."

Nikabaki nimesimama na jagi langu, na sikujua pa kuliweka.